TARIA TOPAN: TAJIRI ALIYEITWAA FORODHA YA UNGUJA

Wengi wetu tumekwisha kuutazama ule mchezo wa runinga unaohusu ukoo wa Medici wa mji wa Florence, kule Italia. Ulianza kuonyeshwa mwaka 2016, na mpaka sasa sehemu zake zinazunguka mabwenini kwa njia tunazozijua wenyewe. Mchezo ni mtamu, hilo sibishi. Kuna benki iliyoanzishwa na mzee Giovanni mwaka 1397. Kuna mwanawe Cosimo, ambaye wapinzani wake wa ukoo wa Albizzi walimfukuza mjini mwaka 1433, na mwaka uliofuata akarudi kama simba. Halafu kuna akina Pazzi, wao pia wenye benki, waliokula njama wakamwua Giuliano de' Medici ndani ya kanisa kuu mwaka 1478. Watu wanauana kwa ajili ya madaftari!

Baadaye yakazuka mabishano chamani. Wako waliosema mambo hayo ya koo za matajiri kupigania mikopo ni ya Wazungu, ati huku kwetu wahenga walibadilishana mbuzi kwa mtama, mchezo ukaisha. Ndugu zangu, hapana. Mwaka 1876 katika mji wa Unguja, nyumba moja ya wakopeshaji iliyokuwa imeishika forodha ya Sultani tangu miaka ya 1830 ilinyang'anywa, na forodha ikapewa mtu ambaye, kama inavyosimuliwa, utotoni alianza kwa kuendesha mkokoteni wa punda. Hakuna aliyechomwa kisu. Lakini pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, ilijua kuwa kuna tajiri ameshuka na mwingine amepanda. Aliyepanda aliitwa Taria Topan. Waingereza katika karatasi zao waliandika Tharia, na mwisho wakamwita Sir.

Taria alizaliwa mwaka 1823 mjini Lakhpat, katika nchi ya Kachchh, magharibi ya Bara Hindi. Tafadhali usipite hapa mbio. Lakhpat ulikuwa mji wa bandari, mji wa pesa, kando ya tawi la mto Indus. Mwaka 1819 likaja tetemeko kubwa la ardhi, ardhi ikainuka, maji ya mto yakakata njia. Bandari bila maji ni nini? Wafanyabiashara wakaanza kuhama mmoja mmoja. Basi mtoto huyu alizaliwa miaka minne tu baada ya mto kukimbia, katika mji unaokufa, nyumbani kwa mchuuzi mdogo, Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Unaweza kusema tetemeko lile ndilo lililomleta Unguja.

Namna alivyofika husimuliwa kama hadithi. Inasemekana alikuwa mvulana wa miaka 12 hivi, akapatwa na msukosuko kwao, akakimbilia bandarini na kujificha ndani ya jahazi. Nahodha alipomgundua walikuwa wamekwisha kuiacha nchi kavu, na upepo wa kaskazi haugeuzwi kwa ajili ya mtoto mmoja. Akashuka Unguja bila ndururu mfukoni. Wengine husema mambo hayo yametiwa chumvi, na maisha ya matajiri hutiwa chumvi kila mahali. Lakini kwamba alifika akiwa kijana fukara asiye na elimu, na kwamba alijifunza kusoma na kuandika akiwa tayari kazini, hayo yanakubalika.

Unguja aliyoikuta ilikuwa inachemka. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alikuwa anahamishia makao yake kisiwani. Mikarafuu ilikuwa inapandwa kila kilima. Waamerika wa mji wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanaleta vitambaa vya pamba ambavyo Waswahili waliviita merikani, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mkataba wao na Seyyid Said, wa mwaka 1833, ulisema ushuru wa bidhaa zinazoingia ni asilimia 5, basi. Mwingereza naye akapata mkataba wake mwaka 1839.

Ushuru huo nani aliukusanya? Hapa ndipo penye kiini. Sultani hakuwa na idara ya forodha kama hii yetu ya leo, yenye makarani na sare. Aliikodisha. Tajiri mmoja aliahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu cha riale kila mwaka, akachukua forodha yote ya Unguja na ya pwani, akaweka watu wake, akakusanya. Kilichozidi kile alichoahidi kilikuwa chake. Ukitaka kuelewa vizuri, simama pale Kyumbi njiapanda uwaangalie madereva wa matatu za kwenda Nairobi na Machakos. Mwenye gari anataka pesa zake za siku jioni ikifika. Dereva akileta hizo, zinazobaki ni zake na kondakta. Ndiyo maana anakimbia vile! Aliyekodi forodha naye alikimbia hivyo hivyo, isipokuwa gari lake lilikuwa pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Na gari hilo liliwahi kutubeba hata sisi watu wa Ukambani. Wazee wetu wa karne ya 19 hawakukaa wakingoja kuletewa bidhaa. Walipanga misafara wenyewe, wakabeba pembe za ndovu kupita Kibwezi na Taru hadi Rabai na Mombasa. Kivui wa Mwenda wa Kitui, yule aliyemkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya, alikuwa bingwa wa biashara hiyo mpaka alipouawa mwaka 1851. Tangu mwaka 1837, Seyyid Said alipowashinda Mazrui, forodha ya Mombasa ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Kwa hivyo pembe iliyotoka Ukambani, ikishafika baharini, ilipita mbele ya mtu wa mkodi forodha na kuacha sehemu yake pale. Kivui hakumwona huyo bwana mkubwa wa Unguja. Lakini bwana mkubwa alikula.

Jina la bwana mkubwa huyo lilikuwa Jairam Shivji, Banyani wa Mundra, huko huko Kachchh. Baba yake, Shivji Topan, alikuwa amekodi forodha kabla yake. (Mtu asichanganyikiwe. Huyu Topan na Topan wetu si ukoo mmoja. Wale walikuwa Wahindu wa jamii ya Bhatia, huyu ni Khoja Mwislamu.) Jairam aliishika forodha miaka ya 1830 na hakuiachia. Yeye ndiye aliyempa mfalme mikopo, ndiye aliyewapa Waarabu pesa za kupandia karafuu, ndiye aliyeelewana na Richard Waters, balozi wa Marekani aliyefika mwaka 1837, kiasi kwamba wafanyabiashara wengine walilalamika kuwa bila kupitia kwa wawili hao huuzi kitu Unguja. Mwaka 1853 Jairam alirudi India, na kazi ikawa mikononi mwa wakala wake Ladha Damji, mzee aliyejulikana na kila mpelelezi wa Kizungu aliyepita kisiwani. Jairam alikufa mwaka 1866, lakini nyumba yake ya biashara iliendelea kuitwa kwa jina lake, kama vile hajafa.

Ni katika nyumba hiyo hiyo, kwa mujibu wa masimulizi, Taria alipata kazi yake ya kwanza ya maana. Kutoka kwenye mkokoteni akaingia ukarani, na kutoka ukarani akakabidhiwa mambo ya mikopo. Hebu fikiria mahali alipokalia. Mtu anayesimamia daftari la mikopo anajua nani ana deni, nani analipa kwa wakati, nani anavaa joho la hariri na kumbe shamba lake liko rehani. Kwa miaka alisoma tabia za watu wa Unguja kutoka kwenye safu za tarakimu. Shule gani ingemfundisha zaidi?

Baadaye akajitegemea. Alishirikiana sana na Waamerika wa Salem, hasa nyumba ya John Bertram, akiwauzia pembe na kuchukua merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliharibu biashara ya vitambaa hivyo, na wengi waliumia, lakini Taria hakuzama. Kufikia miaka ya 1870 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa kisiwa.

Sasa nieleze mkopo wa safari za bara ulivyokwenda, maana bila hilo Taria anabaki jina tupu. Mwenye safari hakupewa riale akatie mfukoni. Bara nani angezipokea? Alipewa mali: majora ya merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba, baruti na bunduki. Mali hiyo iliandikwa daftarini kwa bei ya juu kuliko bei ya dukani. Tofauti ile ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Riba ni haramu kwa Mwislamu, na hakuna aliyeitaja, bei tu ilinenepa. Halafu mwenye safari akavuka kwenda Bagamoyo, akakodi wapagazi, akaingia bara. Mkopeshaji akabaki barazani kwake Unguja akingoja. Angengoja mwaka, miwili, mitatu. Msafara ungeweza kuporwa. Wapagazi wangeweza kutoroka na mizigo. Ndui ingeweza kuwamaliza wote. Na mwenye safari mwenyewe angeweza kuamua kukaa huko huko bara, akaoa, akawa mtu mkubwa, asirudi kamwe. Wako waliofanya hivyo hasa, wakijua kuwa wakirudi pwani watakutana na daftari.

Katika watu waliokopa kwa Taria, hakuna aliyempita Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Wanachama wa chama cha Kiswahili wanapaswa kumjua kwa sababu nyingine pia: aliisimulia habari ya maisha yake kwa Kiswahili, ikawa moja ya vitabu vya kwanza vya namna hiyo katika lugha yetu. Humo Taria anatajwa, na anatajwa kama mtu wa kuaminiwa. Tippu Tip aliondoka pwani mnamo mwaka 1870 kwa safari yake kubwa, akapita Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika, akafika Manyema na mto Kongo, akajifanyia utawala huko Kasongo. Alirudi Unguja mwaka 1882. Miaka 12! Mtoto aliyezaliwa siku anaondoka alikuwa karibu kubalehe. Na miaka yote hiyo mali ya Taria iko msituni, na Taria hana simu, hana picha ya setilaiti, ana barua chache zinazobebwa na misafara na imani kwamba Hamed ni mtu wa kulipa.

Alilipa. Pembe zilishuka pwani kwa wingi ambao watu waliuzungumza muda mrefu. Ndiyo sababu wawili hao hawakuachana tena. Taria akawa kama benki ya Tippu Tip hasa. Mwaka 1889, Henry Stanley alipotoka kwenye ile safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, alimshtaki Tippu Tip katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Unguja, akidai hakutimiza ahadi ya kumpa wapagazi. Na alitaka kuzuia nini? Alitaka kuzuia paundi 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan. Stanley alimjua Taria tangu zamani na alikwisha kumwandika vizuri vitabuni, lakini penye pesa alikwenda moja kwa moja palipo na kasha.

Turudi kwenye forodha. Kodi yake ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka. Katikati ya miaka ya 1860 ilifika riale 310,000 kwa mwaka. Lakini usidhani Sultani alizipata zote taslimu. Sultani Majid, aliyemfuata baba yake Said mwaka 1856, alikuwa na mikono mirefu ya kukopa. Alipohitaji pesa alimwendea mkodi forodha, mkodi akampa na kuandika. Alipofariki mwaka 1870, nyumba ya Jairam ilikuwa inamdai zaidi ya riale laki 5, yaani kupita kodi ya mwaka mzima. Mwenye gari ana deni kwa dereva! Sasa nani anamfukuza nani?

Ndugu yake, Sultani Barghash, akapanda kitini mwaka 1870 na kulikuta deni hilo likimngoja mlangoni. Akakataa kulibeba kama lilivyo, akisema si yeye aliyekopa. Wenye nyumba ya Jairam nao walikuwa wamejiweka chini ya ulinzi wa Mwingereza, hivyo suala likafika kwa wakubwa. Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa Barghash. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha vyombo bandarini. Juni 1873 Waingereza wakamlazimisha kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini. Sultani asiye na karafuu, asiye na mapato ya watumwa, mwenye deni la marehemu: huyo anahitaji tajiri mpya.

Taria alikuwa karibu. Mwaka 1875 Barghash alipokwenda Uingereza kumwona Malkia Victoria, Taria alikuwamo katika msafara wake. Mwaka uliofuata, 1876, forodha ikaondolewa nyumba ya Jairam na kupewa yeye.

Sijui ninyi mnaonaje, lakini kwangu hapa pana mchezo wa runinga kuliko Florence. Karani wa zamani anaingia forodhani, si kwa mlango wa makarani. Makasha yale yale, mizani ile ile ya kupimia pembe kwa farasila, labda hata baadhi ya watu aliowakuta ujanani. Na nyumba aliyoipindua ndiyo iliyomfundisha kazi.

Lakini Jairam Shivji hawakukubali kufa. Hawakufanya njama kanisani kama akina Pazzi. Walifanya kile ambacho watu wa biashara hufanya: walitoa zaidi. Mwaka 1880 mkataba wa Taria ulipokwisha, walirudi kwa kodi kubwa kuliko ile ya zamani, na Barghash akawarudishia forodha. Walikaa nayo mpaka mwaka 1886, Sultani alipoamua kuichukua mwenyewe. Miaka hiyo miwili mitatu Wajerumani na Waingereza walikuwa tayari wanaigawana bara mezani. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikapata hati yake, na mwaka 1889 ikajenga kituo Machakos. Ule mchezo wa nyumba mbili za Kihindi kushindania pwani ukawa umepitwa na wakati.

Taria hakulia juu ya forodha. Alikuwa na mali kutosha, na siku zake nyingi za mwisho alikuwa Bombay. Mwaka 1887, Waingereza waliposherehekea miaka 50 ya Malkia Victoria kitini, aliweka jiwe la msingi la jengo la fahari ufukweni mwa Unguja, liwe hospitali ya maskini kwa heshima ya Malkia. Na mwaka 1890 Malkia akampa cheo cha Sir. Mtoto wa jahazini akawa Sir Taria. Mojawapo ya mambo aliyosifiwa na Waingereza ni msaada wake katika juhudi za kukomesha biashara ya watumwa.

Hapa ndipo siwezi kupita kimya kimya, hata kama mwalimu mlezi atasema naharibu hadithi nzuri. Pembe zile za Tippu Tip zilibebwa na nani? Tunajua. Misafara ya Manyema ilivamia vijiji, ikateka watu, na wengi wa waliotekwa walitembea na pembe mabegani hadi walipouzwa au kufa. Bunduki na baruti zilizofanya kazi hiyo zilikuwa mali iliyoandikwa katika daftari la mkopo. Taria mwenyewe hakukanyaga njia ya Manyema. Hakumfunga mtu mnyororo. Na tangu mwaka 1860, balozi Rigby alipowalazimisha Wahindi wa Unguja waliokuwa chini ya ulinzi wa Kiingereza kuwaachia huru watumwa wao kwa maelfu, Mhindi hakutakiwa kumiliki mtumwa. Kumkopesha anayemiliki, hilo lilikuwa jambo jingine. Shamba la karafuu lililowekwa rehani lililimwa na nani? Mkopeshaji hakuuliza. Aliuliza tarehe ya kulipa.

Wako watakaomtetea. Watasema wakati ule karibu kila senti ya Unguja ilikuwa na harufu hiyo, hata za Waamerika wa Salem, hata za Waingereza walionunua pembe ili watengeneze vibao vya piano na vishikio vya visu. Watasema hakuna mkopeshaji anayeweza kulifuata kila jora la kitambaa hadi linakofika. Na watasema kwamba mzee aliyeiona biashara ile ikiisha na kusaidia kuifunga ana heri kuliko aliyeipigania. Yote hayo yana uzito. Mimi lakini naona mtu mwenye akili ya kujua deni la kila mwungwana wa mjini hakushindwa kujua pembe zimefikaje pwani. Alijua. Cheo cha Sir hakikufuta daftari. Medici nao walijenga makanisa na kuwalipa wachoraji, na pesa zao nazo zilikuwa na historia yake, tofauti ni kwamba runinga imewapaka mafuta wakang'aa.

Na bado simchukii, nikubalini. Kuna kitu katika yule mvulana wa Lakhpat kinachomvuta mtu. Mji wake uliporwa mto na tetemeko, elimu hakupewa, kabila kubwa la kumshika mkono hakuwa nalo kisiwani. Aliamini watu kwa miaka 12 wakati sisi hatumwamini mwenzetu na kalamu hadi kipindi cha pili.

Sir Taria alikufa Bombay mwaka 1891, kabla jengo lake halijakamilika. Mjane wake, Janbai, ndiye aliyesimamia kazi iendelee, na mwaka 1894 likamalizika: ghorofa juu ya ghorofa, baraza za mbao zilizotobolewa nakshi kama lesi, vioo vya rangi, mafundi wakitoka India. Hospitali kama alivyoikusudia haikudumu mikononi mwa ukoo wake. Mwaka 1900 jengo liliuzwa. Aliyelinunua, Nasser Nur Mohamed, alikuwa Khoja wa Ithnashiri. Akafungua zahanati chini na kuyatoa mapato ya jengo kwa kazi ya hisani, na watu wakaanza kuliita Zahanati ya Ithnashiri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya serikali, likachakaa, mpaka Shirika la Aga Khan la Utamaduni lilipolikarabati miaka ya 1990.

Liko pale pale barabara ya Mizingani, limeelekea bandari. Ukishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam huwezi kulikosa, baraza zake zinaonekana kabla hujamaliza kupanga foleni ya mizigo. Madereva wa teksi watakwambia ni Zahanati ya Zamani. Jina la Topan wengi hawalitaji.